Mashindano yasiyo na refa

Nimeadimika kidogo, samahanini. Kazi za ripota mnazijua: leo uko Kibaha, kesho mahakamani, keshokutwa umetumwa kwenye warsha hotelini ambako habari ni moja tu, nayo ni chakula cha mchana. Lakini kuna jambo limenikaa kichwani tangu mwezi uliopita, na nisipoliandika halitatoka.

Nina rafiki niliyesoma naye Mlimani. Wakati sisi wengine tunasambaza bahasha za maombi ya kazi mjini, yeye alirudi kwao Arusha akawa mwongoza watalii. Mwezi uliopita alishuka Dar, tukakaa mahali, akanisimulia habari ya mgeni wake mmoja, mzee wa Kizungu, aliyempeleka msitu wa Amani kule Usambara kutafuta ndege. Usiku wa mwisho walitoka na tochi kumfuata bundi mmoja ambaye mzee alikuwa na hamu naye kuliko wote. Bundi akaja. Akatua tawini, rafiki yangu akamwona vizuri kabisa. Mzee wakati huo alikuwa ameinama anafuta vioo vya darubini yake. Alipoinua kichwa, bundi ameshaondoka, na hakuwa ametoa hata sauti. Wakangoja mpaka saa nane usiku. Hola.

Wakati wa kurudi, rafiki yangu akamwonea huruma, akamwambia: "Mzee, muandike tu. Mimi nimemwona, na wewe ulikuwepo."

Yule mzee alisimama njiani akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Umemwona wewe," akasema. "Mimi sijamwona." Asubuhi yake wakashuka mlimani kwenda uwanja wa ndege, na bundi hayumo kwenye daftari.

"Sasa kaka," rafiki yangu akaniuliza huku anacheka, "mtu kasafiri kutoka Ulaya, kalipa, kakesha. Daftari lenyewe lake. Nani angejua?"

Na mimi nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani swali likabaki pale pale. Nani angejua? Nikaanza kusoma habari za watu hawa.

Kwa msiowafahamu, kuna watu duniani ambao hutenga mwaka mzima kuhesabu ndege. Nazungumzia ndege wenye manyoya, siyo zile za abiria, ingawa hizo nazo wanazipanda sana. Unaanza Januari mosi, unamaliza Desemba 31, na anayepata aina nyingi zaidi ndiye mshindi. Kule Marekani wanauita Mwaka Mkubwa. Chama chao, American Birding Association, kina kanuni zake: ndege awe hai, awe wa porini, asiwe amefungwa wala kunaswa, na wewe mwenyewe uwe umemwona au umemsikia ndani ya eneo na muda wa mashindano. Kusikia sauti tu kunatosha, ilimradi una uhakika ni sauti ya nani.

Mwaka unaosimuliwa zaidi ni 1998. Wanaume watatu, Sandy Komito, Greg Miller na Al Levantin, walikimbizana Amerika ya Kaskazini nzima, toka vinamasi vya Florida hadi kisiwa cha Attu huko mwisho wa Alaska, ambako dhoruba husukuma ndege wa Asia waliopotea njia. Komito, mkandarasi wa mapaa kutoka New Jersey, alishinda kwa aina 745. Miller akapata 715, Levantin 711. Mark Obmascik akaandika kitabu juu yao mwaka 2004, na mwaka 2011 ikatoka filamu ya kuchekesha iliyotokana na kitabu hicho, akiwemo Jack Black.

Baadaye wengine wakaona bara moja halitoshi. Mwaka 2015 kijana wa Kimarekani, Noah Strycker, alizunguka nchi 41 akiwa na begi la mgongoni, akapita pia Tanzania, Kenya na Uganda, akamaliza na aina 6,042. Mwaka uliofuata tu, Mholanzi Arjan Dwarshuis akafikisha 6,852. Kumbukeni dunia nzima ina aina zipatazo elfu kumi na kidogo.

Sasa nije kwenye kilichonishika. Mashindano haya hayana refa. Hakuna mtu wa FIFA anayekufuata nyuma na filimbi. Ukisema umemwona, umemwona. Ni kweli siku hizi kuna kamera, na kuna eBird, mtandao ulioanzishwa mwaka 2002 ambako watu huingiza orodha zao na wakaguzi wa kujitolea humhoji anayedai kitu cha ajabu. Ukileta ndege wa Siberia aliyeonekana Texas utaombwa picha. Lakini ndege wa kawaida, uliyemkosa Machi ukasema ulimwona, nani atakuuliza?

Tazameni mwaka 1973. Kijana Kenn Kaufman, aliyekuwa ameacha shule akiwa na miaka 16 kwa ajili ya ndege, alizunguka Amerika kwa kuomba lifti barabarani, analala nje, anakula anachopata. Mwisho wa mwaka, kwa hesabu ya eneo rasmi, alikuwa na aina 666. Mpinzani wake Floyd Murdoch alikuwa na 669. Ndege watatu! Mtu mwenye njaa, hana senti, hana shahidi kando ya barabara, anakosa rekodi kwa ndege watatu. Angeongeza wanne wa kawaida kwenye daftari, rekodi ingekuwa yake. Hakuongeza. Na leo jina lake ndilo linalojulikana zaidi, maana alikuja kuandika vitabu vya kuwatambua ndege ambavyo watu hutembea navyo mfukoni. Watu wanaviamini. Nadhani mnaona kwa nini.

Hapa lazima nitubu kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza gazetini nilitumwa kwenye mkutano wa hadhara. Foleni ilinishika, nikafika watu wanatawanyika. Nikamwuliza mwenzangu wa gazeti jingine walikuwa wangapi. Akajibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Weka elfu tano." Nikaweka elfu tano. Kesho yake nikaikuta elfu tano kwenye magazeti matatu, na kwa sababu tumesema watatu, ikawa kweli. Hakuna aliyelalamika. Miezi kadhaa baadaye mwenzetu mmoja chumba cha habari alikuwa anaandika makala ndefu, akaikuta ile namba kwenye faili zetu. Akaniuliza: "Wewe si ulikuwepo pale?" Nikasema ndiyo, nilikuwepo.

Ndugu zangu, uongo wa pili ulikuwa rahisi kuliko wa kwanza. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Yule mzee wa Amani alikuwepo kweli, tena kwa gharama yake, na bado alikataa. Mimi sikuwepo, na nilikubali.

Mtu atasema: wewe unatukuzia wazee wenye darubini, ndege mmoja akiongezwa nani ataumia? Nina jibu, na linaanzia hapa hapa Afrika Mashariki.

Wanandi wa Kenya hawajamsahau Richard Meinertzhagen. Ndiye afisa wa Kiingereza ambaye mwezi Oktoba 1905 alimwita kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kwenye mazungumzo ya amani, na Koitalel akauawa pale pale. Mwaka 1914 alikuwa Tanga, upande wa Waingereza waliochapwa na Wajerumani. Huyu bwana kwa miaka mingi aliheshimiwa Ulaya kama mtaalamu mkubwa wa ndege, mwenye mkusanyiko wa maelfu ya ndege waliokaushwa. Baada ya kufa kwake, katika miaka ya 1990, watafiti walipochunguza mkusanyiko huo walikuta ndege walioibwa kwenye makumbusho na kubandikwa vibandiko vipya, tarehe za uongo, mahali pa uongo.

Mmojawapo alikuwa bundi mdogo wa misitu ya India, ambaye wengi waliamini ametoweka. Meinertzhagen alidai kumpata mwaka 1914 huko Gujarat. Waliomtafuta baadaye wakapotezwa na maelezo hayo. Mwaka 1997 Pamela Rasmussen na wenzake walikitupa kando kibandiko cha uongo, wakafuata maelezo ya zamani ya kweli, na wakamkuta bundi yupo hai huko Maharashtra. Kibandiko kimoja cha uongo kiliwapoteza watu miaka mingi. Na mtu aliyeweza kumdanganya Koitalel kuhusu amani, kwa nini angeona tabu kudanganya kuhusu bundi?

Ndiyo maana orodha hizi zina thamani kuliko ushindi wenyewe. Orodha za eBird hutumiwa na wanasayansi kujua ndege gani wanapungua, wapi, na lini wanahama. Rekodi ya Strycker ilidumu mwaka mmoja tu, lakini taarifa alizoziacha zinaendelea kutumika. Yeye mwenyewe alijiwekea sharti kwamba kila ndege anayemhesabu lazima awepo angalau mtu mwingine mmoja anayemwona au kumsikia pamoja naye, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwenyeji wa nchi husika. Watu kama rafiki yangu.

Sisemi mchezo huu hauna kasoro. Pesa inashinda sana. Mwenye uwezo wa kuruka usiku huohuo kwenda Alaska anampita asiye nao. Na kuchoma mafuta ya ndege dunia nzima kwa sababu unawapenda ndege, hapo kuna maswali. Wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 2014 Dorian Anderson alifanya Mwaka Mkubwa kwa baiskeli, akapiga zaidi ya kilomita 28,000 na kupata aina 618, huku akichangisha fedha za hifadhi. Huyo angalau miguu yake ililipa.

Lakini kasoro hizo haziniondolei swali la rafiki yangu. Kazi nyingi tunazofanya sisi tuliosoma ni mashindano yasiyo na refa. Mhasibu na stakabadhi zake, daktari na faili la mgonjwa saa tisa usiku, mtafiti anayejaza dodoso kumi za mwisho chini ya mwembe bila kubisha hodi nyumba yoyote. Wakaguzi wapo, lakini hawatoshi na hawatatosha. Nchi inasimama au inaanguka kwenye yale mambo ambayo hakuna atakayeuliza. Tumezoea kusema viongozi ndio waongo. Ile elfu tano haikuandikwa na kiongozi. Niliiandika mimi.

Wiki iliyopita nilitumwa tena kwenye mkutano, na foleni ni ile ile. Nikafika watu wanakunja viti. Jioni mhariri akapita mezani kwangu.

"Watu wangapi?"

"Sijui, mkuu. Niliwakuta wanaondoka."

Akanitazama kidogo. "Si ukadirie?"

"Sikuwaona, mkuu."

Aliguna akaenda zake. Habari ilitoka bila namba, tena ukurasa wa ndani, fupi kuliko ya wenzetu. Wenzetu waliandika elfu tatu. Huenda ni kweli.

Yule mwenzangu wa makala ndefu bado sijamwambia. Yuko likizo, anarudi Jumatatu.

Naomba kuwasilisha.