Redio za Uvira na Kosa la Habari

Habari inayotafutwa kuliko zote kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika ni ya barabara. Mchuuzi wa Uvira, mashariki mwa Kongo, anayetaka kupandisha mizigo Kamanyola, au kuteremka Makobola kuelekea Baraka, huuliza kwanza kama njia inapitika, nani kaweka kizuizi na anatoza nini. Jibu hutoka kwenye redio za mjini, na mtangazaji hawezi kulitoa bila kutaja wanajeshi, wanamgambo wa Wazalendo au waasi. Hapo ndipo sheria inapomkuta.

Tarehe 13 Machi 2023 Kongo ilipata sheria mbili: moja ya uhuru wa vyombo vya habari, iliyoiondoa ile ya 1996, nyingine ya mambo ya kidijitali. Hii ya pili, katika kifungu cha 360, inamwekea anayeanzisha au kusambaza mtandaoni habari ya uongo dhidi ya mtu kifungo cha mwezi 1 hadi 6, faini ya faranga 500,000 hadi 1,000,000, au kimojawapo. Nani anaupima uongo huo? Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa Septemba 2023 kwa makala ya jarida la Jeune Afrique juu ya kifo cha mwanasiasa Chérubin Okende, makala ambayo hata jina lake haikuwa nalo. Alihukumiwa miezi 6 akiwa ameshakaa gerezani miezi 6.

Vita vikaongeza ukali. Tarehe 7 Januari 2025 Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alionya kwamba mwanasiasa au mwandishi atakayeeneza habari za shughuli za waasi wa M23 atakabiliwa na adhabu ya kifo. Mwezi uliofuata Bukavu, makao makuu ya mkoa, ilianguka mikononi mwa waasi hao na serikali ya mkoa ikahamia Uvira. Sentensi fupi kama "mapigano yamefika Luvungi" ikawa na hatari yake: ni onyo kwa wakulima wa bonde la Ruzizi, au ni kumpigia adui ngoma? Wakulima hao ndio wanaoihitaji kuliko waziri yeyote. Isiposomwa redioni hupita kwenye WhatsApp, haina mwenyewe, na kila anayeipokea anaitia chumvi. Serikali inayodai kupambana na uvumi inauzalisha yenyewe.

Kwa waasi nako si kimbilio. Delcat Idengo, mwimbaji wa Kiswahili aliyewasema wakubwa bila kuwaficha, alikuwa amefungwa Goma na serikali. M23 walipouteka mji akatoka, akawaimba na hao, na tarehe 13 Februari 2025 akauawa kwa risasi.

Jirani Burundi ilitangulia katika kuwanyamazisha waandishi. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro na Télé Renaissance vilishambuliwa na kunyamazishwa, na waandishi wengi wakakimbilia nje. Oktoba 2019 waandishi wanne wa gazeti la Iwacu walikamatwa wakienda Bubanza kufuatilia mapigano na waasi waliotokea Kongo. Walihukumiwa kifungo cha miaka 2 na nusu, wakasamehewa Desemba 2020.

Kwa upande wa Kongo, sheria ya vyombo vya habari ya 2023 inatoa haki ya kujibu na kusahihisha. Kamanda aliyesingiziwa anaweza kudai nafasi hewani, akasema yake, wasikilizaji wakapima. Lakini kifungu cha 360 cha sheria ya kidijitali kingalipo, pamoja na vifungu vya uvumi katika sheria ya adhabu, na hakuna kinachomlazimisha kamanda huyo kuanzia redioni badala ya kwa mwendesha mashtaka.