Kijana akitoka Kamenge, nani anamfuata nyumbani?

Nafuatilia vijana waliotoka hospitali ya akili, huku Rumonge, Burundi. Kituo cha Kamenge, Bujumbura, kinawatibu, lakini kutoka huko hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 70. Mafuta yakiadimika nauli inapanda, kijana anakosa miadi, kisha dawa. Na wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ndizo za hatari zaidi, hasa kwa aliyejaribu kujiua.

Wengi ni wavuvi. Ndagala (dagaa) huvuliwa usiku kwa taa, na kukesha kunaweza kurudisha ugonjwa. Ndiyo maana nawasihi wenye mitumbwi wampe kijana aliyetoka hospitali kwanza kazi ya mchana, kuanika samaki, asikae bure wala asitengwe.

Upo mfano wa kuiga: Zimbabwe, tangu 2006, Dkt. Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo kwenye mabenchi ya zahanati. Sisi tunao wahudumu wa afya wa jamii. Wafundishwe, na wapewe tarehe ya kumtembelea kijana kabla hajatoka hospitali. Wazazi wenzangu, msiwafiche watoto ndani. Wanaweza kupona.