Vyombo Vichafu Si Dhambi

Februari 2020, KC Davis, mshauri nasaha wa Houston, Texas, alijifungua mtoto wake wa pili. Alikuwa amejiandaa: ndugu wangepokezana kuja kumsaidia, na mtoto mkubwa angekuwa akishinda kwa walezi. Wiki chache baadaye UVIKO-19 ikafunga milango yote. Vyombo vikalala kwenye sinki, nguo zikarundikana. Alipoionyesha nyumba hiyo mtandaoni kwa video fupi, mtazamaji mmoja alimjibu: mvivu.

Neno hilo halijawahi kuosha hata kijiko.

Davis hakunyamaza. Alianza kueleza mtandaoni namna ya kutunza nyumba pale nguvu zinapokwisha, na mwaka 2022 akatoa kitabu kuhusu jambo hilohilo. Msimamo wake ni kwamba kazi za nyumbani hazipimi utu wa mtu: sinki lililojaa halimfanyi mama kuwa mbaya, wala sakafu inayong'aa haimfanyi mwema. Kisha anatoa njia ya kufanya kazi yenyewe. Chumba kilichovurugika, anasema, kina vitu vya aina tano tu: taka, vyombo, nguo, vitu vyenye mahali pake, na vitu visivyo na mahali. Mtu anaanza na taka. Anazikusanya kwenye mfuko na kuuweka kando, bila kutoka nje kwenda kuutupa. Vyombo vinafuata, vinapelekwa kwenye sinki, havioshwi kwanza. Nguo nazo zinakusanywa mahali pamoja, kufua kutasubiri.

Mpangilio huo una sababu. Anayetoka na mfuko wa taka huenda akakumbuka maua hayajamwagiwa maji, na akiwa kwenye maua akakumbuka simu aliyotakiwa kupiga, na chumba kikabaki vilevile hadi jioni. Kutafuta kitu cha aina moja kwa wakati mmoja kunaipunguzia akili mzigo wa kuamua.

Hili wanalielewa vizuri watu wazima wenye ADHD, ile hali ya umakini kuyumba. Mara nyingi shida yao si kutojua la kufanya. Mtu anajua kuwa fomu inatakiwa kesho, anataka kuijaza, ameiweka mezani mbele yake, na bado haanzi. Kinachoyumba ni uwezo wa ubongo wa kupanga, kukumbuka, kukadiria muda na kuianza kazi. Wenye usonji nao wanaweza kuchoshwa na kelele, mwanga mkali au ratiba inayobadilishwa ghafla, hadi jambo dogo likawashinda.

Kwa miaka mingi ADHD ilihesabiwa kuwa ya watoto, na kwamba wakikua inaisha. Ni mwaka 2013 tu ndipo mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani ulipolegeza vigezo kwa wenye miaka 17 na zaidi: dalili tano zinatosha, pale ambapo mtoto anatakiwa kuwa na sita. Kwa hiyo wapo wazazi na hata mababu ambao utotoni walichapwa kwa kusahau madaftari, na ukubwani bado wanajichapa wenyewe kwa maneno.

Wapo watakaosema huku ni kulea uzembe. Waangalie vizuri. Mzembe anapumzika na kulala usingizi mzuri. Huyu anayezungumziwa hapa amekaa saa tatu akiitazama kazi, moyo unamwenda mbio, hapumziki wala hafanyi. Ukimkaripia unamwongezea aibu, na mwenye aibu hufunga mlango ili wageni wasione. Msaada nao unabaki nje.

Msaada unaofaa mara nyingi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Wenye ADHD wengi husema kazi inawaendea vizuri wakiwa na mtu karibu, hata kama naye ana shughuli zake, kama wanawake wanaochambua mchele uani, kila mmoja na ungo wake. Dada anayekuja kukaa jikoni saa moja bila kuhoji kwa nini pamefika hapo amesaidia kuliko mawaidha ya mwezi mzima.

Kazini ni vilevile. Marekani ipo huduma iliyoanzishwa mwaka 1983 kuwashauri waajiri jinsi ya kurekebisha mazingira kwa wenye ulemavu, na tafiti zake zinaonyesha kuwa takribani nusu au zaidi ya marekebisho hayo hayagharimu chochote. Uingereza, tangu 1994, mpango wa serikali uitwao Access to Work hulipia vifaa au hata msaidizi, na wenye ADHD na usonji wamo. Tanzania sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Lakini ulemavu usioonekana kwa macho haujitokezi wenyewe ofisini. Mwenye nao ataujaribu kwanza ulimi wa bosi wake, na akisikia mwenzake akiitwa goigoi, atanyamaza.

Mwajiri hahitaji kusubiri cheti cha daktari ili aandike maagizo badala ya kuyatamka mlangoni, agawe kazi kubwa katika hatua zenye tarehe, au amruhusu karani ahamie meza iliyo mbali na kelele za barabarani. Na aanze wiki hii.