Fimbo mbili si aibu

Leo nina neno na sitalifunika.

Tangu mauaji yaanze huku Beni mwezi wa 10, 2014, wakulima wengi wamekimbia mashamba yao. Baba aliyepanda mlima kila asubuhi na jembe begani, sasa anashinda kwenye kiti uani kwa jamaa waliomupokea. Vita vilimnyang'anya shamba. Tusikubali vimnyang'anye na miguu.

Kule Finland watu hutembea na fimbo mbili kwa ajili ya afya. Hapa kwetu ukishika fimbo, vijana wanacheka: "Mzee amechoka!" Kicheko hicho ni ujinga. Fimbo zinakusimamisha imara kwenye miteremko ya Butembo, na mikono nayo inafanya kazi. Tafuta mbili zinazofika kwenye kiwiko. Mguu wa kuume ukienda mbele, mkono wa kushoto uende nao. Gusa chini, sukuma nyuma. Shirika la afya duniani, OMS, linashauri angalau dakika 150 kwa juma: nusu saa, siku 5.

Lakini simwambii hivyo mama anayebeba bidoni ya lita 20 tangu alfajiri. Yeye apumzike, wanaume wachote maji. Tena mtu asitoke nje ya mji kwa sababu ya mazoezi. Tembeeni mtaani, mchana, wengi pamoja.

Wakubwa wa serikali, usalama wa njia za mashamba ni deni lenu. Lakini sisi tusingoje siku hiyo tukiwa tumekaa.