Wakimbizi wa TikTok

Januari 2025 Wamarekani wengi walijiita wakimbizi. Hawakukimbia vita wala njaa. Sheria iliyotiwa saini na Rais Biden Aprili 2024 iliitaka kampuni ya Kichina ya ByteDance iuze TikTok ya Marekani kabla ya Januari 19, la sivyo ifungiwe. Siku chache kabla ya tarehe hiyo watumiaji wakaanza kuhamia Xiaohongshu, programu ya Shanghai ambayo jina lake maana yake ni "kitabu kidogo chekundu".

Neno hilo "wakimbizi" hatulipendi. Sisi wenye kambi ya Nyarugusu kule Kigoma tunajua mkimbizi huacha nini nyuma.

Lakini tusiwacheke haraka. Serikali iliwaambia kwamba taarifa zao zinaweza kuangukia mikononi mwa China. Wao wakazipeleka wenyewe hadi mlangoni, kwa mzaha. Ni mgomo wa aina yake, na hoja yake ina uzito. Kama hofu ni taarifa za watu, mbona kampuni za Marekani zenyewe huzikusanya kila siku? Mahakama ya Juu iliikubali sheria Januari 17 kwa kauli moja, na swali hilo likabaki palepale.

Tunachotilia shaka ni mahali walipokwenda kugomea. Kudai uhuru wa kusema, kisha ukahamia kwenye mtandao unaochuja maneno kwa matakwa ya serikali, wenye masharti ya Kichina usiyoweza kuyasoma, ni kuruka majivu ukakanyaga moto.

Hata hivyo, wenyeji waliwapokea vizuri. Waliwaomba picha za paka kama "kodi" ya kuingia. Wanafunzi wa Kichina waliomba msaada wa kazi zao za Kiingereza, watu wakaulizana bei ya vyakula na gharama za hospitali. Serikali zao zinatazamana kwa jicho baya, nao wanaonyeshana paka! Papa Fransisko alihimiza mara nyingi utamaduni wa kukutana. Hapa ulitokea bila kupangwa na mtu.

Haukudumu. TikTok ilizimika usiku wa Januari 18, ikarudi kesho yake, na Januari 20 Rais Trump akaahirisha utekelezaji wa sheria kwa siku 75. Wengi wakarudi walikotoka. Sisi tunajiuliza ni wangapi waliaga.