Giza Limo Moyoni: Al-Inkishafi na Hadithi ya Poe

Wapo waamini wanaoona kwamba mashairi na hadithi za giza, zenye makaburi na bundi, hazimfai frateri. Wanasema zinachochea woga, na huku kwetu Kyela woga tunao wa kutosha. Mimi naona zinatufaa, kwa sababu zilizo nzuri hutulazimisha kuuliza giza hilo linatoka wapi.

Tuanze na Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa pwani ya Lamu, lililotungwa yapata miaka 200 iliyopita. Mshairi anatutembeza katika majumba ya matajiri wa Pate, yaliyokuwa yaking'aa kwa taa. Sasa popo wananing'inia humo, buibui wametanda, na ndege wanalea makinda katika madaka yaliyokuwa ya sahani za kaure. Hana haraka. Kila ubeti wa mistari minne unaongeza picha juu ya picha. Na maneno hayo anauambia moyo wake mwenyewe. Hamtafuti mchawi aliyeiangusha Pate.

Edgar Allan Poe wa Marekani alichapisha mwaka 1843 hadithi fupi "The Tell-Tale Heart", yaani moyo unaofichua siri. Humo giza ni chumba kimoja usiku wa manane, taa iliyofunikwa na sauti moja. Sentensi ni fupi, zinarudiarudia kama mtu anayehema. Msimulizi anakiri kwamba mzee yule hakumkosea kitu. Anamuua kwa sababu ya jicho lake tu. Anauficha mwili chini ya mbao za sakafu, kisha mbele ya polisi anasikia moyo ukidunda mpaka anajitaja mwenyewe.

Shairi linalitandaza giza litufunike sote, kwa kuwa sote tutakufa, na linatupa nafasi ya kutafakari. Hadithi inalibana giza kichwani mwa mtu mmoja na kutufungia humo pamoja naye. Tunajikuta tunafuata hesabu za muuaji kabla hatujashtuka.

Hapo ndipo Poe anapotugusa. Hapa Tanzania vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo huweza kuletwa na moshi wa kuni tu. Mtumbwi ukizama Ziwa Nyasa, matanga hayajaisha, swali "amekufaje?" huweza kugeuka "nani kamuua?" Anayetajwa huwa ni bibi asiye na mtetezi. Anayemtaja husema kwa uhakika uleule wa msimulizi wa Poe, na husikilizwa kwa sababu msibani kila mtu ana hofu.

Kanisa halilikimbii giza. Zaburi ya 88, tunayosali Ijumaa usiku kabla ya kulala, inaishia gizani bila neno la faraja. Lakini kilio hicho chote anaambiwa Mungu. Jirani hashtakiwi uchawi.

Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, jumuiya zetu zingeweza kuyasoma maandishi haya mawili pamoja. Nasi mafrateri tunaotumwa misibani tusiishie kuongoza sala na kuondoka. Jina la mtu likianza kunong'onwa, tubaki, tuulize waziwazi: anayesimulia ameona nini kwa macho yake, na ni nini kinachomsukuma kusema?