Mgombea na aje maktabani tumuulize

Tarehe 10 Agosti 2027, mkaazi wa Waberi mjini Garissa atapewa karatasi sita za kura: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Hiyo ya mwisho ni ya mtu aliye jirani yake kabisa, na aghalabu ndiyo aipigayo akijua machache.

Mwakilishi wadi ndiye apitishaye bajeti ya kaunti na kumkagua gavana. Zahanati, chekechea na maji vyote vimo humo. Lakini ni nani aliyewahi kumsikia mgombea akiulizwa habari za bajeti mbele ya wapinzani wake? Kampeni zetu, Garissa kama Mombasa, ni gari la vipaza sauti na fulana za bure.

Huko kaskazini kuna jambo la ziada. Wazee wa koo huketi wakakubaliana kiti kiende kwa nani kabla ya kura kupigwa. Siwabezi; maafikiano hayo yanaweza kuepusha ugomvi. Lakini kwenye vikao hivyo vijana na wanawake huwa wachache, na swali kubwa huwa "ni wa nani?" badala ya "atafanya nini?"

Napendekeza maktaba. Garissa ndiko ambako mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kuwapakia ngamia vitabu kuwapelekea wafugaji. Ikiwa kitabu kiliweza kumfuata mtu malishoni, mgombea hashindwi kuja mjini kujibu maswali. Maktaba si ya chama wala ya ukoo, na msichana wa miaka 18 huingia bila kuomba ruhusa ya mzee.

Tahadhari ipo. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la maktaba, na gavana naye huwa anatafuta kura. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza mali ya umma kutumika kumpigia debe mgombea. Basi waalikwe wote, wapewe dakika sawa, msimamizi asiwe mtu wa kaunti, na maswali yaulizwe kwa Kisomali na Kiswahili. Bajeti ya kaunti iwekwe mezani, kila mtu aisome.

Mtaniambia hawatakuja. Kweli, Julai 2022 Raila Odinga alisusia mdahalo wa urais, William Ruto akasimama peke yake jukwaani. Lakini mgombea wa wadi akikimbia leo, kesho atakutana na waliomngoja msikitini na sokoni. Aibu hiyo ina nguvu kuliko sheria.

Nasi wa Pwani tusikae tukitazama. Maji ya Tana yapitayo Garissa hushuka mpaka Kipini. Mombasa na Kilifi nazo zina maktaba. Tuanze kuomba nafasi sasa, kabla vipaza sauti havijaanza.